Devdas mbele ya akina mama wa Mwanjelwa: uchambuzi wa kisa kimoja

Watu walitoka ukumbini wakibishana, na hawakubishania uzuri wa filamu. Uzuri wake ulikwisha kukubalika tangu nyimbo za mwanzo. Walimbishania marehemu, yaani Devdas, mhusika mkuu wa filamu ya Kihindi tuliyotoka kuiona. Upande mmoja ulisema Devdas ameuawa na wazazi wake, waliomkatalia mchumba kwa majivuno ya ukoo. Upande wa pili, uliokuwa mkubwa na wenye sauti kali zaidi, ulisema mtu huyu alijimaliza mwenyewe, chupa baada ya chupa, na kila aliyempenda akamlipisha gharama. Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu naamini upande wa pili uliona jambo ambalo filamu inalifunika kwa dhahabu na vioo, na ambalo mwandishi wa riwaya aliliacha wazi zaidi ya karne moja iliyopita.

Mazingira yalikuwa haya. Kikundi cha vikoba cha akina mama wa Mwanjelwa, hapa jijini Mbeya, kilikuwa kimevunja mzunguko wake wa mwaka na kugawana akiba. Wengi wao ni wauza mchele, viazi na mitumba. Wakaona Jumapili moja wastarehe pamoja, wakakodi ukumbi wa video ambao siku nyingine hujaa vijana wa mpira: projekta moja, spika mbili, viti vya plastiki. Chai ya tangawizi ilikuja kwenye chupa, maandazi kwenye beseni. Waume na watoto waliokwisha kukua walikaribishwa. Ilikuwa Julai, na anayeijua baridi ya Mbeya ya Julai haulizi kwa nini hakuna aliyevua koti hadi mwisho. Mimi niliombwa kuongoza mazungumzo baada ya filamu.

Waliyoichagua ni Devdas ya Sanjay Leela Bhansali, ya mwaka 2002, yenye Shah Rukh Khan, Aishwarya Rai na Madhuri Dixit, filamu ya saa tatu na ushei. Ilioneshwa kwanza kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, Mei mwaka ule, ikaingia kwenye majumba ya sinema Julai. Chanzo chake ni riwaya ya Kibengali ya Sarat Chandra Chattopadhyay, iliyochapishwa mwaka 1917. Riwaya hiyo imegeuzwa filamu mara nyingi: kulikuwa na filamu bubu mwaka 1928, ya P. C. Barua mwaka 1935, ya Kihindi mwaka uliofuata akiigiza K. L. Saigal, na ile ya Bimal Roy ya mwaka 1955 yenye Dilip Kumar. Kwa akina mama wengi waliokuwepo, hata hivyo, Devdas ni mmoja tu, naye ni Shah Rukh.

Kwa asiyeijua hadithi: Devdas ni mtoto wa tajiri mwenye ardhi, Paro ni binti wa jirani wa hali ya chini kidogo. Wamekua pamoja na wanapendana. Wazazi wa Devdas wanakataa ndoa. Paro anathubutu kumwendea usiku nyumbani kwao, na Devdas, badala ya kusimama naye, anakimbilia Calcutta na kumwandikia barua kwamba hapakuwa na mapenzi ya namna hiyo kati yao. Akija kujuta na kurudi, Paro anamkataa, na anaolewa na Bhuvan, mgane tajiri mwenye watoto wakubwa. Devdas anaingia kwenye ulevi, anapendwa na Chandramukhi, mcheza ngoma wa nyumba za starehe, na anakwenda kufia mlangoni kwa Paro, kwa sababu alimwahidi kwamba kabla ya kufa atafika pale.

Kabla ya maoni ya watazamaji lazima niseme neno juu ya sauti. Nakala iliyooneshwa ilikuwa imetafsiriwa na DJ, kama filamu nyingi za Kihindi tunazoziona huku. DJ haishii kutafsiri. Anaeleza, anaonya, anasikitika, na huyu alikuwa wakili wa Devdas tangu dakika ya kwanza. Kila Devdas alipoinua glasi, sauti ilisema "masikini Deva, moyo wake umevunjika." Mara ya tatu au ya nne mama mmoja wa safu ya mbele akamjibu kwa sauti, "Moyo wa Paro je, ulikuwa wa mbao?" Ukumbi ukashangilia. Kuanzia hapo DJ na akina mama walijibizana hadi mwisho wa filamu, na nadhani nusu ya uchambuzi wote wa siku ile ulifanyika ndani ya majibizano hayo, kabla mimi sijasimama kuuliza swali lolote. Kijana wa projekta alipojaribu kurusha nyimbo mbele ili kuokoa muda, alipigiwa kelele. Wimbo wa Paro na Chandramukhi wakicheza pamoja uliangaliwa mara mbili.

Sasa mashitaka yenyewe. La kwanza lilihusu London. Kwenye filamu, Devdas anarudi nyumbani baada ya miaka kumi ya masomo Uingereza, amesomea sheria, na Paro miaka yote hiyo ameitunza taa moja isizimike kwa ajili yake. Mama mmoja muuza mchele, mwenye binti aliyeko chuo, alisema hapo ndipo alipomchoka. "Amesomea sheria Ulaya, kazi yake ni kusema mbele ya watu, halafu hawezi kumwambia baba yake mzazi maneno mawili. Huyo binti hakusoma popote, na ndiye aliyetoka usiku kwenda kuuliza posa yake." Hakuna aliyempinga, hata wanaume.

Mimi nilikaa na hoja hiyo kwa sababu inagusa kiungo cha marekebisho yaliyofanywa na filamu. Kwenye riwaya hakuna London. Devdas anapelekwa kusoma Calcutta, anarudi likizo, anaishi kwa fedha za baba. Ni kijana ambaye bado hajasimama kwa miguu yake. Na Paro wa kwenye kitabu, wakati habari ya ndoa inapoanza, ana umri wa miaka 13. Ukiusoma woga wa Devdas ndani ya umri huo na utegemezi huo, unaweza kumkasirikia na bado ukamwelewa. Bhansali amewaweka mahali pao watu wazima, warembo, waliojaa maneno, na Shah Rukh wakati ule alikuwa amepita miaka 35. Amempa Devdas shahada, suti na meli. Nia bila shaka ilikuwa kumkuza, apate kimo cha shujaa wa msiba. Ila kila kitu alichoongezewa kilimwondolea kisingizio kimoja. Akina mama hawakuwa wamesoma riwaya, lakini walihesabu sawasawa: mtu mzima, msomi, mwenye mali, aliyekuwa na kila njia ya kusema ndiyo.

Umri huo wa miaka 13 nilipoutaja, mazungumzo yalisimama kwa muda. Filamu inaufuta kabisa, na nadhani inafanya vizuri kwa kuwa isingeweza kuoneshwa vinginevyo. Lakini pamoja na umri imefutika habari ya mgane, mwenye watoto waliomzidi umri mkewe mpya, kuletewa bibi-arusi ambaye bado ni mtoto. Hapa kwetu jambo hilo si la kale. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, Mahakama Kuu ikaitamka hiyo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016 katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikaushikilia uamuzi huo mwaka 2019. Mama mmoja kutoka upande wa Tukuyu alisema tu kwamba yeye aliolewa kabla ya sheria yoyote kumfikia, kisha akanyamaza, na sikumsukuma aendelee.

Shitaka la pili lilikuwa la kipigo. Siku Paro anapoolewa, Devdas anampiga usoni kwa mkufu na kumwachia alama kwenye paji. Kwenye riwaya anatumia fimbo ya kuvulia samaki. Filamu inaipamba alama hiyo; damu inakuwa kama wanja wa arusi, muziki unapanda, na Paro mwenyewe baadaye anaitunza kama kumbukumbu ya mapenzi. DJ akasema, "Hii ndiyo saini ya mapenzi." Hapo ukumbi haukucheka. Binti mmoja mshonaji nguo alisema hiyo ni saini anayoiona kwa majirani zake kila mwisho wa mwezi, na wenye nayo wanasema wameanguka kwenye ngazi.

Ninamuunga mkono binti huyo kwa moyo wote. Nimewahi kusoma na kusikia utetezi mwingi wa tukio hili: kwamba ni desturi ya zama zile, kwamba ni ishara, kwamba mrembo asiye na doa huwa na kiburi kama anavyosema Devdas mwenyewe. Utetezi huo unamwamini mpigaji. Riwaya inamwonesha Devdas tangu utotoni akimpiga Paro, na Paro akimfichia siri kwa walimu na wazazi. Mwandishi alijua anaandika juu ya nini. Alama ile haikutokana na mapenzi yaliyozidi. Ni tabia ya zamani ya mtoto aliyelelewa akijua kwamba hasira zake zitabebwa na mtu mwingine. Filamu imepunguza sana utoto huo, ikaacha kipigo kimoja tu kilichovishwa muziki, na ndiyo maana mtazamaji asiye makini hukiona kama ajali ya huzuni.

Kuhusu ulevi maoni yalikuwa mengi kuliko niwezavyo kuandika. Nyanda hizi za juu zina pombe zake na watu wake: ulanzi Iringa na Njombe, kimpumu Rungwe, komoni kila kona, na kabla ya kupigwa marufuku Machi 2017, viroba. Kila aliyesimama alikuwa na Devdas wake, kaka, mjomba au mume, na karibu wote walilitaja tukio moja, lile la garimoshi. Devdas amekwisha ambiwa kwamba akinywa tena atakufa. Yuko safarini, dhaifu. Chunnilal, rafiki yake, anatokea behewani na chupa, na kwa jina la urafiki Devdas anakunywa. Anayesafiri na TAZARA kutoka hapa kwenda Dar es Salaam anajua jinsi safari ndefu ya treni inavyoleta marafiki. Mzee mmoja fundi seremala, ambaye mpaka hapo alikuwa amemtetea Devdas, alisema Chunnilal ndiye muuaji na angefaa kushitakiwa. Akajibiwa na mkewe, kwa heshima lakini bila kusita: "Baba Neema, mkono ulioishika glasi ulikuwa wa nani?"

Upande wa utetezi nao ulikuwa na mambo ya maana. Uliongozwa na mwalimu mstaafu wa fasihi, na ulisimama juu ya mama yake Devdas. Mwalimu alisema mnamhukumu mtoto mkimwacha mzazi. Alituomba tukumbuke jinsi mama yake Paro, Sumitra, anavyokuja kwa furaha na kuchezeshwa mbele ya wageni, kisha anadhalilishwa hadharani kwa asili yake ya wacheza ngoma. Hapo mwalimu alipata makofi ya wote. Akina mama waliguswa na aibu ya Sumitra kuliko na kifo cha Devdas, na mmoja alisema angeweza kutazama filamu nzima ya Sumitra peke yake.

Nikaongeza jambo kutoka kwenye riwaya, na liliwasha moto nisioutarajia. Kwenye kitabu, sababu ya dharau ni kwamba ukoo wa Paro una desturi ya kupokea mali unapomwoza binti. Wazazi wa Devdas wanauita ukoo wa kununua na kuuza. Kelele zilizofuata zilichukua muda kutulia. Rungwe na Kyela ng'ombe wa mahari wanakwenda kwa wazazi wa binti. Iringa mshenga hafiki mikono mitupu. "Kwa hiyo sisi wote tuliomo humu tumeuzwa?" aliuliza mwenyekiti wa kikundi. Wengine wakasema ndiyo, wapo waliouzwa, tusijifiche nyuma ya desturi. Wakataja mabaraza ambamo baba anapanga bei kama anauza debe la mahindi. Wengine wakasema mahari ni heshima na asiyetoa hamthamini mke. Hatukukubaliana. Lakini kuanzia pale, Paro na mama yake hawakuwa tena Wahindi wa kwenye skrini, walikuwa ukoo wa bibi-arusi, nao wametukanwa. Ndiyo sababu nyingine iliyomfanya Devdas ahukumiwe vikali: kijana wa ukoo ule alisikia mkwe wake mtarajiwa akitukanwa hivyo, akaishia kuondoka.

Halafu kuna Chandramukhi. Sikutegemea, Jumapili mchana, ukumbini mwa wake za watu na wazee wawili wa kanisa, kwamba yeye ndiye angependwa kuliko wote. Kilichowashinda ni udongo. Kwenye filamu Paro anakwenda nyumbani kwa Chandramukhi kuomba udongo wa uwanja wake, kwa sababu sanamu ya Durga, mungu wa kike wa Wahindu, haikamiliki bila udongo wa mahali kama pale; hiyo ni desturi ya Wabengali kweli. Kisha anamkaribisha kwenye sikukuu nyumbani kwa mumewe na wanacheza pamoja. Wengi walikuwa wanaona mara ya kwanza mke na mwanamke mwingine wakikutana kwenye filamu bila kuvutana nywele. Mzee wa kanisa alisema hapo filamu imehubiri.

Kwenye riwaya wanawake hao hawakutani kamwe, na kwenye filamu ya 1955 wanapishana njiani tu, wakatazamana bila kusemezana. Wapo wanaomlaumu Bhansali kwa kuwakutanisha ili apate wimbo. Mimi naona hilo ndilo badiliko lake bora. Riwaya inampa Chandramukhi kitu kingine kikubwa, kwa kuwa anaacha kazi yake, anahamia kijijini, na baadaye anarudi mjini kumtafuta Devdas na kumwokota barabarani akiwa amelewa. Filamu inapunguza sehemu hiyo, lakini inampa mwenzake wa kusimama naye. Na uzito wa nafasi hiyo si wa leo: Vyjayanthimala, aliyemwigiza mwaka 1955, aliikataa tuzo ya filamu za Kihindi ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi kwa hoja kwamba Chandramukhi si mdogo kuliko Paro. Nilipowasimulia hilo, binti mshonaji alisema, "Alifanya la maana."

Mwalimu alibakiza karata moja. Alikumbuka jinsi riwaya inavyomalizika: mwandishi anamgeukia msomaji na kumwomba amlilie Devdas kidogo, na amwombee mtu yeyote asife kifo kama kile, bila mkono wa mtu ampendaye kumgusa paji la uso. Akasema mwandishi mwenyewe ameomba huruma, sisi ni nani tumnyime. Ni hoja nzito, na ilinifikirisha. Ila ombi lile linamhurumia Devdas kwa jinsi alivyokufa. Halisemi aliishi sawa. Sarat Chandra alimwonesha mtu wake akipiga, akikimbia, akiandika barua ya uongo, kisha akaomba chozi. Filamu inaanza na chozi, ikapanga yaliyobaki ili lisikauke. Mke wa seremala alisema kumwombea atamwombea, kwa sababu kaka yake alizikwa hivyo hivyo Mbalizi, na hata kaburini hakuna aliyesema kweli juu yake.

Suala la mwisho lilikuwa lango, na halikuisha. Kwenye riwaya Paro anapata habari wakati maiti imekwisha chomwa na watu wasiomjua. Filamu inamfanya Devdas awe bado hai chini ya mti, Paro anakimbia kwenye nyumba ile ndefu, na Bhuvan anaamuru lango lifungwe. Baadhi ya wanaume walisema Bhuvan alikuwa na haki: mke wa mtu hawezi kukimbilia mwanamume mwingine mbele ya watumishi na watoto. Kijana mmoja wa bodaboda alilisema hilo kwa uchungu wa kweli, akisema mgane yule alimheshimu Paro na hakustahili aibu. Akajibiwa na mwenyekiti: "Mwanangu, usiku wa arusi mume huyo alimwambia mkewe kwamba moyo wake bado uko kwa marehemu mke wake wa kwanza, na kwamba amemleta alee nyumba. Yeye ameruhusiwa kumpenda aliyekufa. Huyu amekatazwa kumwona anayekufa." Kijana alikubali nusu, akasema lango lingefungwa baada ya yeye kutoka na kurudi. Wengine wakasema asingerudi. Wengine wakasema Paro naye hana akili, kumkimbilia aliyemtia alama usoni.

Walikuwa bado hapo mwenye ukumbi alipoomba nafasi kwa ajili ya mechi ya jioni. Kikundi kimekubaliana kutafuta ile ya 1955, ya rangi nyeusi na nyeupe, waone wanawake wawili wakipishana njiani. Wameomba isitafsiriwe na DJ. Mwalimu atasimama mbele na kueleza pale panapohitajika, na mwenyekiti atakaa naye, amzuie akianza kutetea.